Kupima tu? Historia ya watu waliojifunza kusoma moyo

POSTI YA 1

Nesi wenu nipo. Wiki hii mama mmoja wa Kyerwa kaniandikia inboksi, na nimemwomba ruhusa nijibu hapa hadharani maana naona swali lake ni la nyumba nyingi.

Binti yake yuko kidato cha sita, anasoma PCB. Amekuta mtandaoni kwamba kuna shahada ya fiziolojia ya moyo. Fiziolojia ni elimu ya namna kiungo kinavyofanya kazi kikiwa hai. Kwa hiyo mtu anaingia chuo kikuu, anasomea moyo unavyopiga, unavyosukuma damu, umeme wake na mlio wake, na akitoka si daktari wala si nesi. Ni mtaalamu wa kuupima. Mtoto ameipenda. Baba amekataa. Kasema hawezi kuuza kahawa ya msimu mzima ili mtu akajifunze "kupima tu".

Sasa, baba simlaumu. Kahawa ya msimu si kitu cha kuchezea, na mzazi anayetoa hela ana haki ya kuuliza anainunulia nini. Ninachotaka tukizungumze ni hilo neno "tu". Nimelisikia sana wodini pia. "Wamempima tu wakamrudisha." Hebu niwasimulie upimaji wa moyo ulivyoanza, nani aliufanya, na umefikaje huku kwetu, halafu baba aamue mwenyewe.

POSTI YA 2

Tuanzie nyumbani. Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokelewa vizuri sana na Mukama Rumanyika pale Bweranyange. Wengi tunajua kisa hicho shuleni. Ambacho hatukuambiwa sana ni kwamba Speke alitoa futi akampima shemeji wa mfalme. Enzi zile wanawake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa maziwa tangu usichana mpaka wananenepa kiasi cha kushindwa kusimama, na huo ndio ulikuwa uzuri. Speke aliandika vipimo vyote: mkono wa juu mzunguko wake kama sentimita 58, kifua kama sentimita 132. Binti wa mama huyo, wa miaka 16, alikuwa kakaa hapo na chungu cha maziwa mdomoni, baba yake kashika fimbo asije akaacha kunywa.

Mimi nikisoma kisa hiki kama nesi sicheki. Naufikiria moyo wa yule mama. Omutima ule ulikuwa unasukuma damu kwenye mwili mzito vile, usiku na mchana, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na chombo cha kujua unachoka kiasi gani. Futi inaishia kwenye ngozi.

Ulaya walikuwa wameshaanza kusikiliza, hilo ni kweli. Mwaka 1816, Paris, daktari Laennec alikuwa na mgonjwa msichana, akaona haya kumwekea sikio kifuani. Akakunja karatasi ngumu iwe kama bomba, upande mmoja kifuani, upande mmoja sikioni, akashangaa mapigo yanasikika vizuri kuliko hata sikio likiwa limegusa mwili. Kile kipimo tunachovaa shingoni sisi wote mnaotuona hospitali kimetokana na aibu ya mwanaume mmoja. Lakini kusikia ni kusikia. Kuona moyo unafanya nini bado.

Wakati Speke yuko Karagwe na futi yake, kule kisiwa cha Java kulikuwa na mtoto mchanga wa mwaka mmoja na miezi, Willem Einthoven. Huyu alikuja kuwa mwalimu wa fiziolojia huko Leiden, Uholanzi. Kabla yake, mwaka 1887, Augustus Waller wa London alishaonyesha kwamba moyo wa binadamu una umeme unaoweza kunaswa ukiwa nje ya mwili. Ila michoro yake ilikuwa hafifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Einthoven akatengeneza mashine iliyochora umeme huo vizuri. Ndiyo mama wa hii ECG ya leo, na zile herufi P, Q, R, S, T ambazo binti yetu atazisoma, aliyezipanga ni yeye.

Mashine ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu mmoja kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Na kwa kuwa huwezi kubeba kilo 270 kupeleka wodini, waliunganisha waya kutoka hospitali mpaka maabara, kilomita moja na nusu, wakapima moyo wa mtu aliyelala mbali nao. Hiyo ni mwaka 1905, mama zangu! Leo tunaona ajabu kutuma picha ya kipimo kwa WhatsApp.

Einthoven alipata tuzo ya Nobel mwaka 1924. Husimuliwa kwamba alitaka kugawana fedha zile na fundi wake aliyemsaidia miaka yote, akakuta ameshafariki, akawatafuta dada zake wawili waliokuwa maskini akawapa nusu. Shikeni hiyo habari ya fundi. Kila mahali kwenye historia ya moyo kuna jina moja kubwa na pembeni yake kuna mtu aliyeshika waya.

POSTI YA 3

Wengine hao pembeni walikuwa manesi, na hapa niruhusuni nijivunie kidogo. Mwaka 1929, mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kujua kama mpira mwembamba unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono mpaka ufike ndani ya moyo. Wakubwa wake walimkataza. Vifaa vilikuwa vinashikwa na nesi, Gerda Ditzen. Akamshawishi, na nesi akakubali kwa sharti moja: ajaribiwe yeye. Fikiria ujasiri huo. Forssmann akamfunga mezani kana kwamba anaanza, kumbe anajichoma mwenyewe. Alipomaliza kuingiza mpira, wakatembea wote wawili kwenda kwenye chumba cha eksirei, mpira ukiwa ndani yake, kuangalia umefika wapi. Ulikuwa umefika moyoni. Mwaka 1956 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. Nesi hakupewa kitu.

Lakini kisa ninachotaka baba asome mpaka mwisho ni cha Vivien Thomas.

Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, kijana wa Nashville, mtoto wa fundi seremala, na yeye mwenyewe seremala hodari. Alikuwa anaweka akiba asome udaktari. Mdororo wa uchumi ukaja, mipango ya masomo ikasimama. Mwaka 1930 akaomba kazi kwenye maabara ya daktari mpasuaji Alfred Blalock, na mwaka huohuo benki ikafunga milango, akiba yote ikaenda. Kazi aliyofanya ilikuwa ya utafiti: kupima shinikizo la damu, kupasua, kushona mishipa midogo kuliko bua la ngano. Kwenye daftari la mishahara aliandikwa mfagizi, kwa sababu ya rangi yake na kwa sababu hakuwa na cheti.

Mwaka 1941 Blalock alihamia hospitali ya Johns Hopkins, akamchukua. Pale walimkuta Dk. Helen Taussig, daktari wa watoto. Huyo naye ana habari yake. Harvard walimwambia anaweza kuja darasani ila shahada hawatampa, kwa sababu ni mwanamke. Akaenda kusoma kwingine. Halafu masikio yakaanza kupungua nguvu mpaka akawa hasikii vizuri, yeye ambaye kazi yake ni mioyo! Akajifunza kusoma mapigo kwa vidole, anaweka mkono kifuani kwa mtoto na kuhisi damu inavyopita.

Taussig alikuwa na watoto wa bluu. Mtoto anazaliwa, midomo na kucha ni za bluu, akilia kidogo anazidi kuwa bluu, akianza kutembea anachuchumaa kila hatua chache apate pumzi. Wengi mmeshaniuliza kuhusu watoto wa namna hiyo. Moyo wao umeumbwa na hitilafu, damu inayokwenda kwenye mapafu ni ndogo mno. Taussig akauliza: hatuwezi kuunganisha mshipa mwingine upeleke damu mapafuni? Aliyeitafuta njia hiyo kwa vitendo, kwa mbwa wa maabara, mwaka baada ya mwaka, ni Thomas. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi, Thomas alisimama nyuma yake juu ya kigoda, akimwelekeza: hapo hapana, geuza sindano upande huu. Mpasuaji mkubwa wa Amerika anaelekezwa na mtu anayelipwa kama mfagizi.

Thomas aliwafundisha wapasuaji wengi pale. Chuo kikampa shahada ya heshima mwaka 1976, miaka zaidi ya thelathini baadaye, na hata hapo haikuwa ya udaktari wa tiba, ilikuwa ya sheria. Sijui nicheke au nilie.

Kwa nini namweleza baba haya? Kwa sababu wapo watu husema "Thomas aliweza bila cheti, sasa cheti cha nini?" Mimi naona kinyume chake. Mtu aliyejua kiasi kile alikaa miaka mingi bila kutambuliwa na bila sauti, kwa kukosa karatasi. Ndiyo maana nchi kama Uingereza, ambako wapima moyo walianza kama mafundi wanaojifunzia kazini, polepole ziliigeuza kazi hiyo kuwa taaluma yenye shahada yake ya miaka mitatu. Afrika Kusini nako vyuo vikuu vya teknolojia, kile cha Durban kikiwemo, vinafundisha teknolojia ya kitabibu na mtu anaweza kubobea kwenye moyo.

POSTI YA 4

Mwaka 1953, Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walielekeza sauti isiyosikika na sikio la binadamu kwenye kifua, wakanasa mwangwi wake ukirudi kutoka kwenye moyo. Ndiyo eko hiyo. Ni sauti ileile mnayopimiwa nayo mimba, haina mionzi, haichomi. Kwa mara ya kwanza ikawezekana kuangalia valvu zikifunguka na kufunga bila kumkata mtu.

Eko ndiyo inayowahusu ninyi kuliko kipimo kingine chochote, na nitawaambia kwa nini.

Mama akiwa mwezi wa mwisho wa mimba, au amejifungua na mtoto ana miezi miwili mitatu, miguu inavimba, anachoka, akilala chali anakosa pumzi inabidi aegemee mito au akae usiku kucha. Nyumbani wanasema ni uzazi. "Nawe umejifungua, unataka uwe na nguvu?" Mara nyingi ni kweli, ni uchovu au upungufu wa damu. Lakini kuna ugonjwa ambao misuli ya moyo wenyewe inalegea katika kipindi hicho, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua. Madaktari waliuandika kwa utaratibu mwaka 1971 huko Chicago, kwa kufuatilia wanawake 27. Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliona wengi miaka ile ya 1970, na wakatazama desturi za pale: mzazi analazwa kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini na kulishwa uji wenye magadi mengi. Chumvi ile huvuta maji mwilini, moyo uliolegea unaelemewa.

Sasa, huwezi kuujua kwa kumwangalia mama usoni. Moyo mzima ukipiga pigo moja hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikubwa cha kusukuma. Kwenye ugonjwa huu hushuka chini ya asilimia 45. Hiyo namba inatoka kwenye eko, na inatoka kwa mtu aliyeshika kile kipimo kwenye mbavu, akajua pembe ya kukiweka, akajua picha ipi ni ya kuamini na ipi ni ya kurudia. Akikosea kidogo, mama anaambiwa yuko sawa anarudi nyumbani kulima. Hapo ndipo "kupima tu" inaponishinda kuivumilia.

POSTI YA 5

Huku kwetu je? Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza 1924, mwaka uleule wa Nobel ya Einthoven. Vitabu vilivyotumika vilitoka Uingereza, na magonjwa yaliyomo yalikuwa ya Waingereza. Mwaka 1948 daktari wa maabara wa Mulago, Jack Davies, aliandika kuhusu mioyo aliyoikuta Kampala ambayo haikufanana na chochote kitabuni. Ukuta wa ndani wa moyo ulikuwa mgumu, mweupe, kama kovu. Wagonjwa walikuwa watoto na vijana, tumbo limejaa maji, uso umevimba. Ugonjwa huo upo mpaka leo, na chanzo chake bado kinatafutwa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mtoto wa Kyerwa kusomea moyo. Kuna mambo ya mioyo yetu ambayo hayawezi kugunduliwa na mtu aliyeko Leiden.

Tanzania chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963, ndicho kilichokua kikawa Muhimbili ya leo. Lakini kwa miaka mingi mtoto mwenye tundu la moyo au mtu mzima mwenye valvu mbovu alipelekwa India, kwa foleni na kwa bahati. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inayojitegemea. Bugando nao, Mwanza, wakaanza huduma za moyo, na kwa sisi wa Kagera hiyo ilikuwa habari kubwa maana Mwanza ni basi moja tu kutoka hapa. Nchi za Afrika Mashariki zilipogawana vituo vya ubobezi wa tiba, Kenya ilipewa figo, Uganda saratani, na Tanzania moyo, chini ya chuo cha Muhimbili.

Majengo yapo basi, na mashine zinakuja. Mashine bila msomaji ni kama redio bila betri.

Jirani zetu wametuonyesha jambo moja. Mnajua mtoto akiumwa koo, mafindofindo yale, mara nyingine ni bakteria, na asipotibiwa mwili ukijaribu kupigana nao unaweza kuishia kuzishambulia valvu za moyo wake mwenyewe. Viungo vinauma kwa kuhamahama, homa, halafu inatulia. Miaka kumi baadaye binti huyo anapata mimba na moyo hauwezi kubeba. Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi walifundishwa kutumia eko ndogo za mkononi kuwachunguza wanafunzi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2016. Waliwapata watoto wengi wenye valvu zilizoanza kuharibika, ingawa si wote, maana mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa: watoto zaidi ya laki moja walipimwa, wakachukuliwa 818 ambao ugonjwa ulikuwa umejificha, hawana dalili yoyote. Nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa chini ya mmoja katika kila mia. Wasiochomwa, wanane katika kila mia.

Sindano ile tunayo hata kwenye vituo vyetu vya afya. Wanaokosekana ni wa kumwona mtoto mapema kabla hajaumwa.

Sasa baba wa Kyerwa, shikamoo. Jibu langu ni hili. Usiuze kahawa yote kwa sababu ya jina la kozi. Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka, mwambieni binti aangalie kozi zipi zipo mwaka wake na zinataka alama gani. PCB aliyochagua inamfaa, na fizikia asiidharau kwa kudhani moyo ni biolojia peke yake, maana eko ni sauti na ECG ni umeme. Kama akikosa kozi yenye jina hilo hapa nchini, njia haijafungwa. Anaweza kupitia uuguzi au udaktari, kisha akasomea fiziolojia au moyo kwenye shahada ya pili pale Muhimbili. Aombe mkopo wa HESLB kwa wakati, vyeti vya kuzaliwa na vya shule viwe tayari sasa hivi, si wiki ya mwisho. Na mtu yeyote akiwapigia simu anawatafutia chuo nje ya nchi kwa ada ya "kufungua faili", msitume hata shilingi kabla hamjauliza TCU kama chuo hicho kinatambuliwa. Muulizeni pia, akihitimu, atasajiliwa na baraza gani hapa nyumbani ili aruhusiwe kumgusa mgonjwa.

Wenye watoto wanaoumwa koo kila mara, na wamama mnaokosa pumzi mkilala chali, msisubiri binti huyu amalize chuo. Nendeni kituo cha karibu, mseme hivyohivyo kwa maneno yenu, "nikilala chali nakosa pumzi", ili mpewe rufaa ya kupimwa. Posti ijayo nitaandika kuhusu ile sindano ya kila wiki nne, maana maswali yake yamejaa inboksi na wengine mmeacha katikati kwa sababu inauma.